Mlinzi wa Majina Mlangoni: Kuzuia Matangazo kwa Nyumba Nzima Hapa Bunia

Asubuhi ya kwanza baada ya kufunga seva ndogo ya DNS nyumbani kwangu, nilifungua daftari lake la maswali kabla sijanywa chai. Kati ya saa nane na saa kumi usiku, nyumba yote ikiwa imelala, simu nne zilizokuwa kwenye chaji zilikuwa zikiuliza njia bila kuchoka. Majina zilizokuwa zikiyauliza hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuyaandika: doubleclick.net, app-measurement.com, na mengine marefu yasiyotamkika. Hakuna aliyekuwa anasoma habari wala kutazama video. Mchezo wa mpira aliopakua mtoto wiki iliyotangulia ulikuwa unatafuta matangazo ya kumwonyesha akiamka, na programu ya tochi ilikuwa inajaribu kupeleka taarifa zetu kwa watu tusiowajua. Kabla ya seva hiyo, forfe yangu, yaani kifurushi cha mega, ndiyo iliyokuwa inalipa nauli ya safari zote hizo.

Sisi Wakongomani tunajua kukasirika unite za simu zinapoliwa. Mwaka 2020 ilipokuja RAM, ile kodi ya kusajili simu iliyokatwa moja kwa moja kwenye unite, watu walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Matangazo nayo yanakata kila siku, ila hayaleti ujumbe wa kusema yamekata kiasi gani. Mtu anaona tu kwamba mega za wiki zimekwisha siku ya nne, analaumu kampuni ya simu, anawalaumu watoto, ananunua nyingine. Kabla hujanunua nyingine, nakusihi uangalie nani anatumia hizo ulizo nazo.

Fikiria jinsi unavyofika nyumba usiyoijua hapa mjini. Ndani ya Mudzipela au Nyakasanza humwambii motari, dereva wa pikipiki, namba ya nyumba. Unamtajia jina la mtu, la kanisa au la duka, naye anajua pa kukupeleka. Simu yako iko hivyo hivyo. Inajua jina radiookapi.net, lakini ili ifike inahitaji anwani ya tarakimu, na anayejua anwani hizo ni seva ya DNS. Mfumo huu aliubuni Paul Mockapetris huko Marekani mwaka 1983, kwa sababu kabla yake majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa kwenye faili moja tu, na kila mwenye kompyuta alilazimika kulinakili. Seva ya kuzuia matangazo ni motari aliyepewa orodha ya nyumba za wasumbufu. Ukimtajia jina lililo kwenye orodha, hakupeleki: anakupa anwani 0.0.0.0, ambayo haifiki popote. Hapo ndipo faida ilipo kwa mtu anayenunua mega. Tangazo halipakuliwi kisha likafichwa machoni pako; haliitwi kabisa. Na kwa kuwa motari huyu anahudumia nyumba nzima, huhitaji kuweka programu kwenye kila simu, kila kompyuta na televisheni.

Lakini usikimbilie kununua kifaa. Kuna mambo mawili ya kufanya leo, bila kulipa hata faranga moja, na kwa baadhi ya wasomaji yatatosha.

La kwanza, zima upakuaji unaojianzisha wenyewe katika WhatsApp. Video za salamu za asubuhi zinazotumwa kwenye makundi ya familia, ya kanisa na ya shule zinaweza kula mega kuliko matangazo yote ya simu yako, na hakuna seva ya DNS itakayozizuia, maana zinatoka mahali pale pale unapotoka ujumbe. Zima pia video zinazojianzisha zenyewe kwenye Facebook, na masasisho ya programu yafanyike kwenye Wi-Fi tu. Mwenye kuruka hatua hii akaenda moja kwa moja kwenye seva atasema seva haifanyi kazi, na atakuwa ameionea.

La pili, kama simu yako ni Android 9 au mpya zaidi, fungua mipangilio ya mtandao. Simu nyingi hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta maneno “DNS privé”. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika dns.adguard-dns.com. Basi. Tangu hapo simu hiyo inauliza njia kwa seva ya kampuni ya AdGuard, ambayo inakataa majina ya matangazo, tena maswali yanasafiri yamefungwa ili walio njiani wasiyasome. Huduma hii inakufuata popote: nyumbani, sokoni, njiani kwenda Komanda, kwenye Wi-Fi au kwenye mega za simu. Kuna mahali rezo itaikataa na simu itasema hakuna intaneti. Ukikutana na hali hiyo, rudisha kwenye “Automatique” mpaka utakapotoka hapo. Jambo la kupima moyoni ni kwamba umemkabidhi mgeni maswali yako yote. Kampuni ya simu nayo ilikuwa ikiyaona kabla ya hapo, kwa hiyo hujatoka kwenye siri ukaingia kwenye uwazi. Umebadilisha tu mtu wa kumwamini.

Mtu mmoja mwenye simu moja anaweza kuishia hapa, na mimi ningemwambia aishie hapa. Seva ya nyumbani inamfaa yule ambaye Wi-Fi moja inalisha watu wengi: parsele yenye familia tatu, ofisi ndogo, shule, kituo cha afya, duka la mashine za kuchapisha. Idadi ya watu wa namna hii imeongezeka. Mwezi Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilitangaza kwamba kutumia Starlink, intaneti ya satelaiti, nchini ni kinyume cha sheria. Mwezi Mei 2025 ikaipa leseni. Sahani moja inaweza kuhudumia majirani kadhaa, na ndani ya kila simu inayojiunga mna programu ambazo mwenye sahani hajawahi kuziona.

Tuje kwenye kifaa. Raspberry Pi ni kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya kufundishia vijana. Ile inayoitwa Zero 2 W, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya kiwandani ya dola 15, ina kumbukumbu ya megabaiti 512, na kwa kazi hii inatosha na kubaki. Hapa Bunia hutaipata kwa dola 15, na pengine itabidi umtume mtu Kampala, mzigo upite Mahagi au Aru. Ukiweza kupata Raspberry Pi 3 iliyotumika, chukua hiyo, kwa sababu ina tundu la kebo ya mtandao, na kebo haisumbuliwi na ukuta wala na mvua ya mawimbi ya majirani. Kompyuta ya mkononi ya zamani nayo inaweza, ila itakula wati 15 hadi 30 usiku na mchana, na kwa nyumba inayotegemea jua hilo ni deni la kila siku.

Umeme ndio utakaoamua kama mradi huu utaishi. Kituo cha Budana kwenye mto Shari kilijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo, na kila mkazi wa Bunia anajua jinsi umeme wake unavyokuja na kuondoka. Wengi tumezoea kuchanganya: umeme ukiwapo, paneli mchana, jenereta penye harusi au msiba. Sasa piga hesabu pamoja nami. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ya ukubwa wa tofali inayouzwa pamoja na paneli ndogo, ina wati-saa 84. Betri ya risasi hairuhusiwi kushuka chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo una 42 za kutumia. Zero 2 W inakula takriban wati 1 ikiwa inafanya kazi hii. Ongeza kidogo kinachopotea kwenye kigeuzi cha volti 12 kwenda 5, na kisanduku hicho cha Raspberry kitakaa saa thelathini na zaidi bila jua. Lakini ruta ya Wi-Fi inayokula wati 6 ikiunganishwa kwenye betri hiyo hiyo, saa sita hazifiki. Kumbe anayemaliza betri ni ruta. Nasema haya kwa sababu nimesikia watu wakiacha mpango huu wakidhani kompyuta ya kuwaka saa 24 itawafilisi. Kama ruta yako tayari inawaka, kisanduku hutakihisi. Tumia kigeuzi kizuri chenye tundu la USB, kama kile cha kwenye gari, na kebo fupi nene; kebo nyembamba ya chaja ya barabarani huleta kuzimika kusikoelezeka.

Programu ziko mbili zinazojulikana. Pi-hole, aliyoianza Mmarekani Jacob Salmela miaka kumi na kitu iliyopita, ni ya bure, iko wazi kwa kila mtu kuisoma, na ndiyo ninayoitumia. AdGuard Home nayo ni ya bure, na inaweza hata kukaa kwenye kompyuta yenye Windows, jambo ambalo Pi-hole haikubali. Usipoteze juma zima kuchagua. Kinachogharimu zaidi ni kupakua mfumo wa kompyuta yenyewe: Raspberry Pi OS Lite ni megabaiti mia kadhaa, kwa hiyo ipakue mahali penye rezo ya bure au nafuu, chuoni au kazini kwa ruhusa, uiandike kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha urudi nyumbani. Kusimika Pi-hole ni mstari mmoja tu:

curl -sSL https://install.pi-hole.net | bash

Itakuuliza maswali machache. Lililo muhimu ni anwani: kisanduku lazima kiwe na anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, kwa mfano 192.168.1.2, maana hakuna motari wa maana anayehama kijiwe kila asubuhi bila kuaga wateja.

Baada ya hapo, ruta inapaswa kuzitangazia simu zote kwamba DNS ni 192.168.1.2. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu vile vimodemu vya 4G tunavyonunua kwa kampuni za simu mara nyingi havina mahali pa kuandika hivyo. Kuna njia mbili. Ama zima DHCP ya modemu, yaani ile kazi ya kugawa anwani kwa kila simu inayoingia, na umkabidhi Pi-hole kazi hiyo katika mipangilio yake. Ama andika DNS kwa mkono kwenye kila simu, ndani ya mipangilio ya ile Wi-Fi ya nyumbani. Njia ya kwanza ni bora ikiwa watu ni wengi. Ila kumbuka kwamba tangu siku hiyo kisanduku kikizimika, simu mpya haitapata anwani kabisa. Mwenye ruta ya MikroTik, aina wanayoipenda wauzaji wa Wi-Fi ya tiketi, anaweza kuacha Raspberry kabisa: tangu toleo la 7.15 la mfumo wake, la mwaka 2024, ruta hiyo inaweza kusoma orodha ya kuzuia yenyewe.

Kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu analifanya, hata mafundi. Ruta ina nafasi mbili za DNS. Unaandika ya nyumbani kwenye nafasi ya kwanza, halafu kwenye ya pili unaandika 8.8.8.8 ya Google “kwa tahadhari”. Simu hazisubiri ya kwanza ife ndipo ziulize ya pili. Zinauliza yoyote, wakati wowote. Matangazo yataendelea kupita, leo kidogo, kesho mengi, na utatumia siku nyingi ukitafuta ubovu usiokuwapo. Nafasi ya pili iache tupu, au weka kisanduku cha pili kama unacho.

Na sasa tatizo ambalo vitabu vya wenzetu wenye umeme usiokatika havilitaji, na ambalo lilinisumbua siku mbili. Raspberry Pi Zero na Pi 3 hazina saa yenye betri ndani. Umeme ukikatika usiku kucha, kikiwaka asubuhi kisanduku kinaamini bado ni jana jioni, mpaka kiulize saa kwa seva za saa kwenye intaneti. Ili kizifikie seva hizo lazima kwanza kijue anwani zao, yaani lazima kiulize DNS, na DNS ni chenyewe. Kama umewasha ukaguzi wa saini unaoitwa DNSSEC, saini zina tarehe, na kwa saa iliyobaki nyuma saini nzuri zinaonekana za uongo. Kisanduku kinakataa kila jibu, pamoja na jibu ambalo lingekirekebishia saa. Nyumba nzima inasema intaneti imekufa, ruta inaonyesha taa zote za kijani, na forfe ipo. Dawa ni kuzima DNSSEC ndani ya Pi-hole na kuielekeza kwa mtoa huduma anayekagua saini mwenyewe, kama Quad9 kwenye anwani 9.9.9.9. Dawa nyingine ni kuandika seva ya saa kwa tarakimu badala ya jina, au kununua kijisaa chenye betri kinachochomekwa juu ya Raspberry. Mimi nilichukua ya kwanza.

Kukatika huko huko kunaua kadi za kumbukumbu. Nunua kadi ya kweli, si ile ya gigabaiti nyingi kwa bei ya soda, na punguza uandishi: katika mipangilio, daftari la maswali lisitunzwe miezi mitatu, siku chache zinatosha. Mambo yakishakaa sawa, ingia sehemu inayoitwa Teleporter, pakua faili dogo la mipangilio yako yote, ulihifadhi kwenye kompyuta nyingine. Kadi ikifa, utakuwa umerudi kazini ndani ya saa moja.

Quad9 nimeitaja, na nina sababu ya kuipendekeza. Ilianzishwa mwaka 2017, haifanyi biashara, makao yake yako Uswisi, na inakataa majina yanayojulikana kwa wizi na virusi. Hilo si jambo la anasa kwetu. Mwaka 2020 watafiti wa usalama walieleza jinsi aina moja ya simu ya bei nafuu iliyouzwa katika nchi kadhaa za Afrika ilivyokuwa imetoka na programu haribifu ndani yake, Triada na xHelper, zilizojaribu kuwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Anayenunua simu rahisi ndiye anayeibiwa unite. Mafundi wengine watakushauri uachane na watoa huduma wote, uweke Unbound ili kisanduku chako kitafute kila anwani chenyewe kuanzia kwenye seva za shina. Ni wazo zuri kwa mwenye rezo ya kasi. Kwa rezo yetu, kila jina jipya litahitaji safari kadhaa za mbali badala ya moja, na watu watahisi kurasa zimekuwa nzito. Faida ya kasi iko upande mwingine: Pi-hole inakumbuka majibu, kwa hiyo jina ambalo mtu mmoja ameshaliuliza, wa pili anajibiwa hapo hapo nyumbani.

Kuhusu orodha za kuzuia, nina ushauri ambao vijana hawaupendi: anza na moja. Pi-hole inakuja na ile inayotunzwa na Steven Black, yenye majina zaidi ya laki moja, na inajisasisha yenyewe kila Jumapili alfajiri. Kuna mtu ataongeza orodha kumi, majina milioni kadhaa, kisha programu ya benki haifunguki, mwanafunzi hawezi kuingia kwenye masomo yake, na mama wa nyumba anasema ondoa hicho kidude. Nyumba ikikosa imani na kisanduku mara moja, kukirudisha ni kazi. Kitu kikikataa kufunguka, fungua daftari la maswali, mwambie mwenye simu ajaribu tena, tazama jina gani limezuiwa sekunde hiyo hiyo, liruhusu. Kama huna muda, bonyeza kuzima kwa dakika tano, amalize kazi yake, utashughulika baadaye.

Orodha moja ya ziada ninaiunga mkono kwa moyo wote, nayo ni ile ya michezo ya kamari, inayotolewa na Steven Black huyo huyo. Vijana wetu wanabeti kwa simu, wengine kwa pesa ya minerval, yaani ada ya shule, na matangazo ya kubeti yanawafuata mpaka ndani ya michezo ya watoto. DNS haitamponya mtu aliyeshikwa na kamari. Atatumia mega za simu yake atoke nje ya uzio. Lakini mtoto wa miaka kumi hataonyeshwa mlango huo akiwa sebuleni kwangu.

Sasa nikwambie isichoweza, ili usije ukanidai. Matangazo ya YouTube yatabaki, ya Facebook yatabaki, ya TikTok pia, kwa sababu yanatoka kwenye majina yale yale yanayoleta video na picha unazozitaka. Ukizuia jina moja umezuia vyote. Opera Mini, ambayo wengi tunaipenda kwa kubana mega, inapitisha kurasa kwenye seva zake, kwa hiyo kisanduku hakioni kilichomo. Tumia kizuizi chake cha ndani. Simu uliyoiwekea “DNS privé” mwanzoni itaendelea kukiruka kisanduku mpaka uirudishe kwenye “Automatique”. Na baadhi ya visanduku vya televisheni vimeandikiwa 8.8.8.8 tumboni, havisikilizi ruta inasema nini. Kwenye ukurasa wa mbele utaona asilimia ya maswali yaliyozuiwa, watu wengi huona kati ya 10 na 30 kwa mia, lakini usidhani ndiyo asilimia ya mega ulizookoa. Swali moja lililozuiwa linaweza kuwa video nzito, jingine likawa baiti chache tu. Pima kwa njia ya kweli: andika matumizi ya wiki moja kabla, na ya wiki moja baada, kutoka kwenye modemu yenyewe.

Jambo ninalotaka ulichukulie kwa uzito kuliko mengine yote ni lile daftari. Lilinifurahisha asubuhi ile ya kwanza, likaniogopesha jioni yake, nilipogundua kwamba ninaweza kuona kila tovuti ambayo kila mtu wa nyumba ameifungua, na saa aliyoifungua. Mgonjwa anayesoma kuhusu ugonjwa wake. Binti anayetafuta jibu la swali asiloweza kuniuliza. Mpangaji aliyekimbia kijijini kwake na anayefuatilia habari za huko usiku. Tangu Mei 2021 mkoa wetu umeishi chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi, na makundi yenye silaha yako karibu. Orodha ya nani anasoma nini si karatasi ya kuacha mezani. Katika mipangilio ya faragha Pi-hole ina ngazi nne, kuanzia 0 mpaka 3. Ukishamaliza siku za kwanza za kurekebisha, nenda ngazi ya 3, ambayo inahesabu tu bila kuandika jina wala simu. Rudi ngazi ya 0 kwa dakika chache ukiwa na tatizo, tena ukiwa umewaambia watu. Na kama unauza au unagawa Wi-Fi kwa wengine, waambie wazi kwamba unazuia matangazo na kwamba hutunzi daftari. Pia, kisanduku kisifunguliwe kamwe kwa walio nje ya nyumba; mlango wake, namba 53, ukiachwa wazi kwenye intaneti, wahalifu watautumia kuwashambulia watu wengine kwa jina lako.

Wapo watakaouliza kuhusu vyombo vya habari vyetu, vinavyoishi kwa matangazo. Swali ni la haki, nami ninalibeba. Tangazo la duka la hapa lililowekwa na redio moja kwa moja kwenye tovuti yake litaonekana bado, maana linatoka kwenye jina la redio yenyewe. Yanayozuiwa ni yale ya madalali wa mbali. Lakini hata hayo yanamlipa mwandishi kitu kidogo, na DNS haijui uko kwenye ukurasa gani, kwa hiyo huwezi kuyaruhusu kwa tovuti moja ukayazuia kwa nyingine. Mimi ninaposoma mwandishi ninayemheshimu, ninatafuta njia ya kumchangia moja kwa moja au kumletea mtangazaji wa mjini. Haitoshi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Kisha kuna karatasi. Kabla hujasafiri, andika kwa Kiswahili chepesi la kufanya kisanduku kikifa, uibandike mahali panapoonekana. Yangu iko nyuma ya mlango wa sebule, ina mistari minne: chomoa kisanduku, hesabu mpaka kumi, chomeka, ngoja dakika tatu; ikishindikana, fungua ukurasa wa modemu kwa anwani iliyoandikwa hapo; washa DHCP; zima Wi-Fi ya simu kisha uiwashe tena. Betri ilipokufa nami nikiwa Mahagi, mke wangu aliifuata mstari kwa mstari na intaneti ikarudi, pamoja na matangazo yake. Niliporudi nilikuta ameongeza mstari wa tano kwa mwandiko wake: namba ya fundi wa jirani, kwa siku ambayo simu yangu haipatikani.